Debe la Pauline

Gari liliacha lami likaanza kuruka mashimo, na Edah Nabwile akalikumbatia begi la kompyuta kama mtu aliyebeba mayai. Ndalu hakuwahi kufika. Alizaliwa Bungoma mjini, akahamia Kitale kutafuta kazi, na nchi hii ya mahindi iliyolala kati ya miji yake miwili aliijua kwa jina tu. Kwenye usukani alikuwa mwajiri wake, Waithera, mwanamke wa Matisi, Kitale, anayerusha mazishi na harusi mtandaoni ili walio ng'ambo wazione.

"Leo usiniaibishe," Waithera alisema. "Huyu Hesbon yuko Doha, kazi haimruhusu kutoka. Mama anayezikwa ni wake, na yeye ndiye kifungua mimba. Ameomba udongo wa kwanza utupwe kwa jina lake, yeye akiona."

"Ataona, madam."

Kazi ya Edah ilikuwa kupima nguvu ya mtandao. Ukirusha picha nzito kuliko njia inavyoweza kubeba, inakwama. Tatizo ni kwamba kompyuta yao ilipima kwa megabaiti, kamera ikadai megabiti, na baiti moja ni biti nane. Siku ya kwanza kazini alipoelezwa hayo, Edah alicheka. "Si hiyo ni debe na gorogoro!" Waithera alikubali. Gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi, nane zinajaza debe. Hilo kila mtu wa sokoni analijua.

Lakini kwa Pauline, mama yake Edah, aliyeuza mahindi sokoni Bungoma, debe halikuwa na nane. Aliponunua kwa mkulima, debe lilipandishwa kilele mpaka punje zikamwagika. Alipouza, gorogoro yake ilikuwa imegongwa kitako kikaingia ndani. Debe moja likatoa kumi. Edah alikua kando ya mama yake akihesabu kumi, akalishwa na kumi, akasomeshwa na kumi. Akitulia, alijua ni nane. Akiwa na haraka, mkono uliandika kumi.

Ndalu walifika wakiwa wamechelewa. Hema zilikuwa zimejaa, mchungaji amesimama na Biblia wazi. Edah akatuma faili la majaribio upesi upesi. Kompyuta ikaonyesha nusu megabaiti kwa sekunde.

"Ngapi?" Waithera aliuliza, jicho kwenye kamera.

"Megabiti tano, madam."

"Basi weka tano."

Zilikuwa nne.

Nyimbo za kwanza zilipita kwa kusuasua. Jeneza lilipoinuliwa, sauti ya Hesbon ikatoka kwenye simu ya Waithera: "Imekwama, bana! Naona tu mtu anapiga miayo."

Edah akarudia hesabu. Nusu mara kumi, tano. Hesabu iko sawa, basi kosa ni la modemu, kile kifaa cha mtandao. Akaifunga kwenye mti wa hema, akaipandisha juu, akaizima, akaiwasha. Kule Doha, yule mwenye miayo hakufunga mdomo.

Edah akamkimbilia Khaemba, mdogo wake Hesbon, aliyekuwa ukingoni mwa kaburi. "Mkubwa, dakika mbili tu, tafadhali."

Khaemba alitazama wingu jeusi lililokuwa likishuka kutoka Mlima Elgon. "Mama amelala mochari akingoja huyo tajiri apate ruhusa. Sasa angoje na bando?"

Watu wakacheka. Akachota udongo, akautupa. "Hiyo ndiyo ya kwanza. Na ni yangu."

"Khaemba?" simu iliita. "Khaemba, ngoja! Mumefika wapi?"

Majembe yakaanza.

Mvua haikunyesha. Wingu lilipita likaenda zake, na Waithera akamsimamisha Edah mbele ya waombolezaji, kila mtu ajue kosa si la mwajiri.

"Sema hawa watu wasikie. Nusu megabaiti ni megabiti ngapi?"

Edah alifungua mdomo kusema tano, na hapo ndipo alipoliona kosa. "Nne."

"Wewe ukaweka?"

"Tano. Nilizidisha kwa kumi."

"Kumi ulitoa wapi?"

Mama mmoja aliyeitwa Linet, mnunuzi wa siku nyingi wa soko la Bungoma, akainuka kwenye kiti cha plastiki. "Ngojeni. Wewe si wa Pauline? Pauline wa gorogoro ya tumbo ndani?" Akawageukia wenzake. "Ni mtoto wake, si muone hiyo sura! Huyo mama ametuuzia hewa miaka yote. Leo wameiuza mpaka Doha!"

Kicheko kilienea hema nzima. Edah akajaribu kucheka pia ili kisimuume, lakini kilikuwa chao wenyewe, hawakumpa nafasi.

"Weka tatu, ibaki nafasi," Waithera aliamuru.

Akaweka tatu, na picha ikatiririka kama maji. Kamera ilikuwa bado inatazama kaburi. Tuta jipya, shada moja la maua, hakuna mtu. Wote walikuwa wamegeukia foleni ya wali.

"Sasa iko safi," Hesbon alisema. "Naona hata nyayo." Kisha akauliza: "Udongo wangu nani alitupa?"

Foleni ya wali ikasogea.

Waithera akamnyang'anya Edah begi la kompyuta. "Kwa gari langu hauingii. Si Bungoma ni upande huo? Nenda ukapime mahindi."

Njia ya kutokea ilipita kando ya kaburi, mbele ya kamera. Alipolifikia tuta, Edah alisita, akainama, akachota udongo kidogo kwa ajili ya Hesbon.

"Acha!" Linet alipiga kelele, sahani mkononi. "Huyo atapunja hata udongo!"

Wakacheka tena. Edah akafungua vidole, akajipangusa kwenye sketi, akaendelea kutembea. Hapakuwa na aliyemfuata.

"Huyo anayeenda ni nani?" Hesbon aliuliza kwenye simu.

"Si mtu wetu," Khaemba alisema, akitafuna mfupa.

Hesbon aliendelea kumtazama mpaka mahindi yakamficha. Picha haikukwama hata mara moja.