Vocha ya Elfu Moja

Laki tatu na sitini, pamoja na dereva mmoja. Hiyo ndiyo gharama ya kifaa cha kufuatilia lori langu. Nimehesabu mara mbili.

Fundi alianzia laki nne na nusu. Kila nilipomshusha bei naye alipunguza maelezo, hivyo niliondoka nikiamini kwamba satelaiti inaliona lori kama mwewe anavyoona kifaranga. Alisema kifaa kina laini ya simu, nikiwekee vocha. Nikaweka ya elfu moja. Kwa hesabu yangu ingemaliza mwezi.

Dereva wangu alikuwa Mmeru, mtu mzima. Kila asubuhi nilimpa shikamoo kwanza, ndipo ufunguo. Siku hiyo nilimtuma mnadani Oldonyosambu akachukue maharage. Meseji ya mwisho ya kifaa iliingia saa tatu, lori likiwa Ngaramtoni. Halafu kimya, mpaka aliporudi kwangu Levolosi saa tisa.

"Mzee, saa sita zote ulikuwa wapi?"

"Uliponituma."

"Kifaa hakisemi hivyo."

"Basi kipe ufunguo kiendeshe." Akauweka mezani, akaenda zake.

Kesho yake niliendesha lori mwenyewe hadi kwa fundi, anirudishie hela. Hakubishana. Alikwangua vocha yake, akaitia kwenye ile laini, na simu yangu ikaanza kulia. Meseji thelathini na moja mfululizo, zote za jana. Tukazipima kwenye ramani: mnadani, barabara ile ile, Levolosi. Hakuna hata kona moja ya ziada.

"Satelaiti hazikuoni," alisema. "Zinatangaza tu, kama redio. Kifaa kinasikiliza kadhaa, kinapiga hesabu kiko wapi. Hapo ni bure. Kukutumia meseji ndiko kunakula vocha. Ikiisha, kinaziweka akiba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ilikuwa kwenye ile laki nne na nusu."

Jumapili baada ya ibada nilipanda hadi kwa dereva na jani la isale. Kwetu Uchagani, na kwao Umeruni, anayeletewa jani hilo hakatai kusamehe. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, kijana wangu. Ila jani ni la kosa, si la kazi. Kuna tajiri wa Engutoto ameniahidi zaidi yako."

"Kiasi gani?"

Akapuliza chai yake.

Nimenunua na kuuza tangu serikali iliporuhusu biashara huria, na swali hili sijawahi kumwuliza mtu ninayebishana naye bei.

"Mzee, nishauri. Ungekuwa mimi, ungeanzia ngapi?"