Baiskeli Isiyoamkia Wazee

Mzee Badi, mwenyekiti wa wazee wa mtaa pale Mtopanga, hakuwa na ugomvi na umeme. Ugomvi wake ulikuwa juu ya adabu. Tangu watoto waanze kwenda shule kwa baiskeli za umeme, walipita mbele ya baraza kimya kimya, mzee akabaki na marahaba yake mdomoni. Akaitisha kikao, kahawa ikanyweka, sheria ikapita: mwanafunzi wa baiskeli ya umeme asimame kwenye kila baraza aamkie. Atakayepitiliza, baiskeli yake itafungwa mnyororo mpaka muhula uishe.

Wallahi, wazee hawajapata kuzaliana namna ile. Mabaraza yakajaa njia nzima. Hata Taufiq kinyozi, kijana ambaye ndevu zake mwenyewe hazijakolea, akatoa kiti nje akaanza kukohoa kizee. Watoto wakawa wanafika shule sauti zimewakauka, somo la kwanza limekwisha. Mjukuu wa Mzee Mwidani alipojisahau akapitiliza, Mzee Badi aliifunga baiskeli yake kwa mkono wake mwenyewe, akakataa kuombwa.

Ikafika asubuhi ya mtihani wa kidato cha nne, na mmoja wa watahiniwa alikuwa Ruwaida, kitinda mimba wa Mzee Badi. Baiskeli yake ya umeme aliletewa na mjomba wake wa Maskati. Mzee akapanda nyuma kwenye keria, kanzu kaikunja, ili uso wake umfungulie mtoto njia.

Kumbe kajiponza! Mtoto huamkia akapita. Watu wazima huulizana hali. Baraza la kwanza tu, Mzee Mwidani, bila haraka yoyote, aliulizia mke, mguu, mbuzi, na shemeji aliyelazwa hospitali ya Port Reitz.

"Baba, nitafungiwa nje," alisema Ruwaida, machozi yakimlengalenga.

Mzee Badi aliingiwa na uchungu. Akashuka. "Nenda, mwanangu. Usimwamkie mtu."

Ruwaida akaondoka, na kila baraza alilolipita likainuka kwa ghadhabu. Mzee alijua kuwa baiskeli ikifungwa leo, mitihani iliyobaki binti ataikimbilia kwa miguu. Basi akamfuata nyuma, baraza baada ya baraza, akizitoa shikamoo za bintiye kwa mdomo wake mwenyewe, mpaka akafika kwa kinyozi.

"Shikamoo, Taufiq."

"Marahaba," akaitika Taufiq, kakunja nne. "Wasoma vyema?"