Karani wa Wasio na Kaya

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti. Nilikuwa nimetoka Kondoa kwa miguu, safari ya siku tano, cheti changu cha shule ya serikali nimekifunga ndani ya kilemba. Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita Mjerumani aliyesimamia mambo ya raia katika boma la Dodoma, alikisoma cheti akiwa amesimama, akanipa daftari na kalamu ya risasi.

"Nenda stesheni," alisema. "Andika kila mtu anayelala pale bila nyumba. Jina, kabila, na watu wake wangapi. Kesho asubuhi nataka daftari."

Wakati huo reli ilikuwa imeshafika Dodoma na kuendelea magharibi. Wajenzi wengi waliifuata kazi, lakini kambi yao ilibaki, na ndani yake wakabaki waliokosa nguvu ya kuendelea: wagonjwa, wajane, na Wagogo waliokimbia ukame baada ya ng'ombe wao kufa. Walijistiri kwa vibanda vya mbao zilizotupwa na magunia. Nikaandika mpaka jua likazama. Mzee mmoja aliyevunjika mguu akibeba reli aliniuliza, "Karani, umetuandika ili tupate nini?" Nilimjibu kwamba serikali inajua. Mimi mwenyewe sikujua chochote.

Siku ya tatu nilijua. Askari walifika asubuhi, nami nikaamriwa kuyasoma kwa sauti majina niliyoyaandika mwenyewe, moja baada ya jingine, na kila aliyeitikia akatolewa na kibanda chake kikachomwa moto. Ile ndiyo iliyoitwa kusafisha mji. Kabla mwezi haujaandama, watu walewale walikuwa wamerudi. Tuliwachomea tena. Walirudi tena, safari hii wakilala chini kabisa, kwa maana mbao zilikuwa zimekwisha kuwa majivu.

Sitaki kujisifu kwamba nilikuwa na huruma kuliko wengine. Nilichoka kuandika majina yaleyale. Basi mara ya tatu nilipiga mstari mmoja zaidi kwenye daftari, nikaanza kumwuliza kila mtu: una kwenu pa kurudi? Majibu yaliwagawa watu makundi mawili. Wengine walikuwa na ndugu Unyamwezi au pwani, na shida yao ilikuwa njia tu. Wengine hawakuwa na pa kwenda hata ungewafukuza mara mia.

Nilimpelekea Bwana Shauri daftari lile. Aliweka kidole juu ya mstari wangu.

"Huu mstari nani alikuagiza?"

"Hakuna, Bwana."

"Na unasema nini?"

"Unasema, Bwana, kwamba hawa wa kwanza wakipewa nafasi kwenye behewa la mizigo, hawatarudi. Hawa wa pili watarudi kila siku, kwa sababu wapo kwao tayari. Na mbao tulizochoma ndizo zingekuwa boriti za nyumba zao."

Alikuwa mtu mkali, lakini alichukia kazi inayofanywa mara mbili. Baada ya wiki moja niliitwa, nikakabidhiwa kamba ya kupimia, na ardhi upande wa Mkonze niwajengee hao wa pili.

Nyumba zilikuwa tembe, nyumba ya Kigogo, fupi, yenye paa bapa la udongo. Unachimbia nguzo zenye panda, unalaza boriti juu yake, halafu fito, halafu nyasi, na mwisho udongo unaotwangwa hadi ukaze. Mimi Mrangi niliyezoea milima sikuijua kazi ile. Aliyenifundisha ni mjane mmoja, Mama Nyemo, aliyekuwa akilala stesheni na binti zake wawili na mama mkwe kipofu.

"Mwanangu karani," aliniambia siku aliponiona nikisimamia paa, "hilo umelilaza kama mkeka. Maji yatakaa juu, nyumba itawaangukia. Liinamishe kidogo kwa nyuma."

"Kiasi gani, mama?"

"Kiasi ambacho jicho halioni ila maji yanaona."

Kuanzia siku hiyo sikuruhusu paa litwangwe bila yeye kulikagua. Kwa hiyo ulipofika wakati wa kuandikisha viwanja, nililiandika jina lake kama mwenye kaya.

Akida, mkuu wetu Mswahili aliyetoka pwani, aliliona. Aliniita, akafunga mlango wa ofisi.

"Mwanamke hawezi kuandikwa. Nyumba isiyo na mwanamume, boma litamwita nani likiwa na shauri?"

"Litamwita yeye, Akida."

"Futa. Kiwanja kile nimeshampa mtu wangu."

Sikufuta. Akanishitaki kwa Bwana Shauri kwamba nimeghushi daftari la serikali, na adhabu ya kosa hilo ilikuwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano mbele ya watu. Usiku nilipata usingizi mdogo, naungama. Asubuhi Bwana Shauri hakuniita ofisini. Alipanda farasi wake, akatuamuru mimi na Akida tumfuate kwa miguu mpaka Mkonze.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha jioni iliyotangulia. Nyumba ya mtu wa Akida, iliyojengwa kwa haraka pembeni ya kiwanja kilekile bila Mama Nyemo kuikagua, ilikuwa imebonyea katikati. Zilizobaki zilisimama. Bwana Shauri aliinama, akaingia kwa Mama Nyemo, akagusa dari, akatoka na vumbi kavu kwenye kidole.

"Mwenye nyumba nani?"

"Mimi," alisema Mama Nyemo, bila kuinuka, maana alikuwa akimlisha mama mkwe wake.

Bwana Shauri alinigeukia. "Daftari libaki lilivyo." Kisha akaniadhibu kwa namna yake: nilihamishiwa Mlali, kwa sababu karani asiyemtii akida hawezi kukaa naye ofisi moja.

Huko Mlali nilikwenda na kiburi, na nikakosea. Niliwapimia waliohamishwa na njaa viwanja vizuri vilivyonyooka, mbali na maji. Nyumba zilikamilika, na baada ya miezi miwili zilikuwa tupu. Jumbe, mkuu wa kijiji, aliniambia kwa upole, "Umewajengea pa kulala, hukuwajengea pa kuishi." Nilizibomoa, boriti tukazibeba mpaka mtoni, tukaanza upya. Zile za pili hazikuhamwa.

Vita ya Wajerumani na Waingereza ilipokuja, boma lilifungwa na nyumba yangu ya kazi ikachukuliwa na jeshi. Nililala barazani stesheni siku kadhaa. Baridi niliivumilia. Kilichoniuma ni kwamba watu waliokuwa wakiniamkia walinipita kimya.

Waingereza waliposhinda waliniajiri, nikafanya kazi ya ukarani mpaka nywele zikawa nyeupe. Siku ya kustaafu, bwana wa wilaya, kijana muungwana, alifungua jalada langu akaona neno moja tu, karani. Aliniuliza aandike nini kuhusu kazi yangu ya wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani. Nilimwambia aache kama lilivyo. Lakini akitaka kujua, apite Mkonze asubuhi na mapema, atazame moshi unavyotoka kwenye nyumba zile tulizojenga.