Majibu ya Kukariri Uwanjani Ole

Nakumbuka siku moja ya harusi kijijini Ole, mjukuu wangu, na aliyenikumbusha ni wewe na filamu yako. Ijumaa iliyopita, tulipokwisha kula, uliniwekea ile ya mwanamke anayevaa nguo za enzi za bibi yake na kuishi katika jumba la muziki lililofungwa zamani. Niliifurahia mno. Chai ilinipolea mkononi, na pale alipowasha taa za jukwaa peke yake, machozi yalinilengalenga. Lakini ilipomalizika ukasema laiti ungezaliwa enzi zile, maana nyimbo nzuri zote zimekwisha kutungwa. Na mama yako kaniambia umeacha kabisa kutunga. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Nami katika umri wako niliugua ugonjwa huo huo. Unakijua kibati chetu: ngoma yapigwa mbio, wawili wanajibizana, na kila jibu latungwa papo hapo. Wachezaji wa wakati wangu niliwaona wababaishaji. Nikaenda kwa mjomba wangu aliyeyahifadhi majibu ya wazee waliokwisha kufa, nikayakariri neno kwa neno, nikajiona nimekamilika. Ujana una mambo yake.

Basi harusini, baada ya Alasiri, nikaingia uwanjani kifua mbele. Njiani nilikuwa nimeanguka na baiskeli. Mzee Hamadi, kiongozi wa ngoma, akanianza: kanzu hii yenye tope, nimetoka kulima muhogo au kuposa? Watu wakacheka, wakangoja. Nikajibu kwa maneno matamu ya kale juu ya safari ya karafuu. Akaniuliza tena. Nikatoa jingine, la nahodha na mkewe. Kinamama wakaanza kutazamana. Mzee Hamadi akanyanyua mkono, ngoma ikanyamaza katikati.

"Mie n'mekuuliza mie, niko hapa mbele yako," alisema, tena kwa upole. "Weye wamjibu nani?"

Nilifedheheka mbele ya wakwe wa bwana harusi na watoto. Akanitoa uwanjani, akanipa kazi ya kupasha ngoma moto ili ngozi zikaze, na kwa harusi tatu nilikaa pale motoni nikiwasikiliza wale niliowadharau. Kumbe walikuwa hodari. Mimi ndiye sikuwahi kuwasikiliza. Niliporudi uwanjani nilijibu vibaya, lakini nilimjibu aliyeniuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, filamu sikukatazi. Tutaitazama tena, na mimi ndiye nitakayeiomba. Wapende wa kale, ujifunze kwao namna ya kulipanga neno. Ila wao walitunga juu ya majirani zao, mvua zao na wapenzi wao, wala hawakujua kama siku zao zitaitwa enzi. Wewe una kijiji chako cha Vitongoji, una rafiki zako waliohama, unaye na huyo unayemficha mama yako, usidhani sijui. Hayo hakuna marehemu atakayekutungia. Tunga leo, hata vibaya. Babu yako masikio yanaanza kuwa mazito, na sijasikia hata wimbo wako mmoja.

Mwenyezi Mungu akufungue ulimi, akupe watu wa kukusikiliza, na mimi anibakishe niwe mmoja wao. Amin.