Mteja Akiwa Mgeni

Siku moja utotoni mwangu, saa tisa na robo alasiri, cherehani ilinyamaza ghafla. Mama, aliyekuwa amehamishia ushonaji nyumbani kwetu Nyakoe ili asilipe kodi ya kibanda sokoni, alininong'oneza, "Mwambie sipo."

Mteja alicheka nje. "Mama Moraa, pasi yako ya makaa inanukia hadi barabarani! Ni paka anayeshona?"

Nilikitazama kitambaa cha mteja huyo mapajani mwa Mama, nikaamini amekiiba.

Juzi jirani alipobisha hodi, binti yangu anayefanyia kazi ya ofisi nyumbani alijifungia chumbani asije akaacha kazi kumwandalia chai, nikaelewa hofu ya Mama. Sokoni mteja hulipa. Akiingia nyumbani huwa mgeni, hupewa chai, na mgeni hadaiwi.

Mwezi ule Mama aliokoa kodi ya shilingi mia tatu. Maziwa na sukari vilimgharimu mia nne na kumi.