Mashine Haina Shemeji

Nilipaka mafuta ya tanuri kwenye kiti cha mon père, padri aliyetufundisha dini. Kukalia alikalia mwenyewe. Kanzu nyeupe, mafuta meusi mazito kama lami: darasa zima tulicheka mpaka machozi.

Mafuta yenyewe yalikuwa sampuli. Baba alifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda, na miaka ile kiwandani kila kitu kilikuwa kinaota miguu, hata vitasa vya milango. Kwa hiyo chupa aliilaza nyumbani, chini ya kitanda, akingoja umeme urudi maabara. Mafuta ya tanuri yalikuwa yanawaka vibaya, na wakubwa walitaka kujua kama kuna mtu anayaiba kwenye tangi na kujazia takataka. Mlinzi wa tangi alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama.

Hayo yote niliyajua. Lakini chupa ilikuwa imebaki nusu, na mkono wa baba naujua pia. Nikaomba mafuta machafu ya injini kwa fundi magari jirani, nikajazia. Meusi kwa meusi, nani angeona?

Mashine iliona. Baba alituelezea mara nyingi, mpaka bukari inapoa sahanini: inageuza mafuta kuwa mvuke, inayapiga umeme, halafu inapima uzito wa molekuli, kila aina peke yake. Mafuta mazito yana msururu wake. Siku umeme uliporudi, katikati ya msururu zilisimama molekuli zisizo na kwao pale, za mafuta ya injini. Baba aliandika alichokiona. Jioni alikaa bila kuvua koti.

"Ni shemeji yangu," alisema. "Lakini mashine haina shemeji."

Mjomba alifukuzwa, na nyumba ya kampuni ikaenda pamoja na kazi. Nilipomwona anapita na godoro kichwani, watoto nyuma na masufuria, nikamwambia baba yote. Baba alikimbia kwa mkubwa wake. Kurudi, alirudi polepole.

"Ameniambia, 'Tulikuwa tunatafuta mwizi, tumempata. Unataka tuanze tena?'"

Mama hakunipiga. Alikuwa anakung'uta shuka zangu. Nikajaribu bahati:

"Mama, walau kanzu ya mon père haitashika kutu tena."

Hakugeuka.

"Kuanzia leo kitanda yako ni ya batoto ba mujomba yako. Weye utalala chini. Na usinichekeshe."