Kilima Kilichohamia Doha

Kwamboka ni muuguzi, huu ni mwaka wake wa kumi na mmoja Doha, Qatar, na katika chama cha Wakenya yeye ndiye mwenye daftari. Kila anayefika huandikwa: jina, kaunti, kijiji. Kaunti nyingine zikileta wawili watatu, ya kwake ilileta kumi, na wengi wao walitoka kilima kimoja, kwao Kwamboka. Yeye ndiye aliyewatafutia kazi, na alijivunia sana. Nani angemnyima jirani riziki?

Ijumaa hii asubuhi, chumbani kwake katika mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, alimpigia mama yake. Simu haikupokelewa. Mama huyo anaishi peke yake, na huamka kabla ya jogoo. Kwamboka akapiga tena, mara nne, mara tano.

Akatafuta jirani wa kumtuma akaangalie. Marvin wa boma la pili anafanya kazi hotelini The Pearl, hapa hapa Doha. Philip ni dereva Umm Salal, nje kidogo ya Doha. Jeremiah naye, Kwamboka mwenyewe alimpokea uwanja wa ndege wa Doha, Januari. Asiyekuwepo na lake halipo, na huko nyumbani vijana wa kilima kizima hawakuwepo.

Hatimaye akampata Millicent, mama yake Wayne, mjane wa ng'ambo ya mto mwenye goti bovu.

"Mama Wayne, umemwona mama leo?"

"Sijamwona, mwanangu. Zamani nilikuwa natazama moshi wa jiko lake. Asubuhi ukikosa, mtu anakimbia kuangalia. Tangu umnunulie gesi, hatujui kama ameamka."

Gesi ile Kwamboka aliinunua kwa sababu moshi ulikuwa ukimuumiza mama yake macho. Akamwomba Mama Wayne aende kuangalia.

Mama Wayne akavuka mto, simu ikiwa hewani. Karibu nusu saa Kwamboka alisikiliza pumzi za yule mjane, akiomba. Kisha akasikia mlango ukisukumwa.

"Yuko hai," Mama Wayne akasema. "Ameanguka, mguu umepinda, na mwili ni baridi. Gari halifiki huku. Lazima abebwe hadi barabarani. Nimwite nani?"

"Mwite Wayne," Kwamboka akasema haraka, bila kufikiri.

"Wayne uko naye huko Doha, mwanangu," Mama Wayne akajibu, bila hasira. "Na mimi peke yangu simwezi."